Uta na Mkono Uuvutao: Mwili wa Mpiga Mishale katika Historia ya Pwani na Bara Yake

Katika masimulizi ya Fumo Liongo, kama Edward Steere alivyoyachapisha mwaka 1870 na kama Muhammad Kijumwa wa Lamu alivyoyatungia utendi mwaka 1913, shujaa hafi kitandani. Baada ya kudungwa sindano ya shaba kitovuni na kijana wa damu yake mwenyewe, anainuka, anatwaa uta na mishale yake, anakwenda hadi karibu na kisima wanakoteka maji watu wa mji, anapiga goti, anaupachika mshale kwenye uta, na roho inamtoka akiwa katika mkao huo. Watu wanamwona kwa mbali na kudhani yu hai. Siku zinapita na hakuna anayethubutu kwenda kisimani. Mji mzima unashikwa na kiu kwa sababu ya maiti iliyopiga goti. Wanamwendea mama yake, wanamsihi aende akamtulize mwanawe. Na ni pale mwili unapoanguka ndipo inapojulikana kwamba Liongo alikwisha kufa zamani.

Kisa hiki kimesomwa mara nyingi kama kisa cha usaliti, na hivyo ndivyo kilivyo. Lakini kina jambo jingine ambalo wasomaji hulipita haraka. Watu wa mji hawakuuogopa uta. Uta ulioanguka mchangani humwogopesha nani? Kilichowafungia njia ya kisima ni mkao: goti lililogusa ardhi, mgongo ulionyooka, bega lililotangulia, mkono ulioshika. Daktari angesema kwamba maiti haiwezi kukaa hivyo siku nyingi, wala mkono uliokufa hauwezi kuushinda mvuto wa uta. Wasimulizi hawakuwa wakieleza maumbile ya maiti. Walikuwa wakieleza walichokijua juu ya silaha yenyewe: kwamba uta ni nusu tu, na kwamba nusu ya pili ni mwili wa mtu aliyeumbika kwa ajili yake.

Ukweli huo mdogo una uzito mkubwa kwa mwanahistoria. Uta huweza kuokotwa, kupimwa, kupewa namba na kutundikwa ukutani katika jumba la makumbusho. Mwili haupokewi na mhifadhi yeyote. Kwa hiyo historia ya upigaji mishale, Afrika Mashariki na kwingineko, imeandikwa zaidi kutokana na miti, nyuzi na vyuma, na kidogo sana kutokana na mabega. Na pale serikali ilipoamua kuuondoa uta mikononi mwa watu, iliyoondoka zaidi ni ile nusu isiyohifadhika.

Nusu mbili za silaha moja

Kiswahili kina msamiati kamili wa silaha hii. Kuna uta, na wingi wake mata. Kuna upinde, jina linalotokana na kitendo cha kupinda. Kuna upote, uzi uliosokotwa kwa mshipa au ukano wa mnyama. Kuna wano, ule uti wa mshale. Kuna chembe na kigumba, chuma cha mbele. Kuna podo na ziaka za kubebea mishale. Lugha isiyoitumia silaha haiwezi kuwa na majina ya sehemu zake zote. Wareno walioivamia Mombasa mwaka 1505 walikuta miongoni mwa watetezi wa mji kikosi cha wapiga mishale, na katika karne zilizofuata mishale iliendelea kuruka katika vita vya pwani bega kwa bega na bunduki za gobori.

Bunduki na uta hutofautiana katika jambo la msingi. Nguvu inayoirusha risasi imo ndani ya baruti. Aliyeishika hahitaji kuwa na nguvu nyingi. Anahitaji shabaha, utulivu na maelekezo ya wiki chache. Uta hauna nguvu yake yenyewe. Kila kilo ya mvuto inayoupeleka mshale imetoka kwanza katika misuli ya mtu, imehifadhiwa kwa pumzi moja au mbili katika mti uliopindwa, kisha ikaachiliwa. Mti unakopa tu. Kwa sababu hiyo uta mzito hauwezi kukabidhiwa kwa mtu asiye na mwili wake, kama vile deni haliwezi kulipwa na mtu asiye na mali.

Mwili huo haupatikani kwa nguvu za mikono peke yake. Anayejaribu kuvuta uta mzito kwa mikono hushindwa kabla kidole gumba hakijafika kidevuni. Kazi inafanywa na mgongo: makombe ya mabega husogeleana, kifua hufunguka, mkono mmoja husukuma kuelekea shabaha huku mwingine ukirudi nyuma, na uzito wote hupita katika mifupa ya mabega kabla ya kufika katika kiuno na miguu. Mapokeo ya Kiislamu, ambayo pwani imeyarithi, yalikwisha kuyahusisha mambo haya mawili. Katika hadithi iliyopokewa na Uqba bin Amir, na kukusanywa katika Sahih Muslim, Mtume aliifasiri nguvu iliyotajwa katika Sura ya al-Anfal, aya ya 60, kuwa ni kupiga mishale. Na vitabu vya sanaa hiyo vilivyoandikwa kwa Kiarabu zama za Wamamluki, kama kile cha Taybugha cha karne ya 14, hutumia kurasa nyingi kueleza mkao, mshiko, uvutaji na uachiaji. Waandishi hao walijua kwamba fundi wa mata anaweza kutengeneza nusu moja tu ya silaha.

Chini ya mkoma

Utendi wa Kijumwa una tukio jingine linalohusu uta, na hili halina maiti. Sultani, akitaka kumwangamiza Liongo bila kujulikana, anawatumia Wasanye na Wadahalo, wawindaji wa msituni. Hila yao ni nyepesi: watakwenda pamoja kula makoma, na kila mmoja atapanda mkoma kwa zamu yake kuwaangushia wenzake. Zamu ya Liongo itakapofika na akiwa juu ya mti, mikono yake miwili ikiwa imeukumbatia mti, watampiga mishale. Liongo hapandi. Anautwaa uta wake na kuyaangusha makoma kwa mshale akiwa chini, miguu yake ikiwa ardhini.

Tukio hili hufahamika vizuri zaidi msomaji akijua hao walioshindwa ni akina nani. Jina la Wasanye limetumika pwani kwa makundi zaidi ya moja ya wawindaji. Mojawapo ni watu wanaojiita Waata, wasemao lugha ya jamii ya Kioromo, ambao majirani zao wa upande wa Malindi na Mombasa waliwaita Waliangulu. Nchi yao ya uwindaji ilikuwa nyika iliyo nyuma ya Malindi, kandokando ya mto Galana na kuendelea bara. Walikuwa wawindaji wa tembo kwa uta. Mtunzi aliyetaka kumtukuza shujaa wake kwa sifa ya upigaji mishale hakuweza kumpambanisha na watu wa mjini. Ilimpasa kumshindanisha na wenye sanaa yao.

Waingereza walioyapima mata ya Waata katikati ya karne ya 20 walistaajabu. Uta wa kawaida wa mwindaji wa tembo ulihitaji mvuto wa zaidi ya ratili 100, yaani kilo 45 na kuendelea, kuufikisha mwisho wake. Mata ya mashindano ya leo katika Michezo ya Olimpiki hufikia takriban nusu ya uzito huo. Na mwindaji wa Kiata hakuuvuta uta wake uwanjani mbele ya duara la rangi. Aliuvuta akiwa ametambaa hadi hatua chache kutoka kwa tembo, upepo ukimpiga usoni, bila nafasi ya kujaribu mara ya pili.

Mata hayo yaliulisha uchumi ambao pwani yote iliutegemea. Pembe za ndovu zilizofika Malindi, Mambrui, Lamu na Mombasa, zikasafirishwa kwenda India, Uarabuni na baadaye Ulaya na Marekani, hazikutoka sokoni. Zilitoka kwa tembo, na katika nyika hiyo tembo alianguka kwa sababu mtu fulani aliweza kuuvuta uta ambao wengi hawakuweza. Nyumba za mawe na milango ya nakshi vinapotajwa kama ushahidi wa ustaarabu wa Waswahili, sehemu ya gharama yake ililipwa na mabega ya watu hao. Fasihi ya pwani imewakumbuka chini ya mkoma, wakiwa wauaji wa kukodiwa. Imewasahau nyikani, wakiwa chanzo cha mali.

Mifupa ya Portsmouth

Mwili wa namna hiyo huumbwaje? Kwa Waata hakuna mifupa iliyochunguzwa, na pengine haifai iwepo. Makaburi ya watu wasio na uwezo wa kukataa yamekwisha kufukuliwa ya kutosha. Lakini kuna jamii nyingine iliyotumia uta mrefu wa mti mmoja na wenye uzito wa aina hiyo, na ambayo ajali ya bahari iliihifadhia ushahidi. Jamii hiyo ni Uingereza yenyewe.

Tarehe 19 Julai 1545 manowari ya Mfalme Henry VIII iitwayo Mary Rose ilizama katika mlango-bahari wa Solent, mbele ya Portsmouth, ikiwa vitani na Wafaransa. Tope liliifunika. Ilipoinuliwa tarehe 11 Oktoba 1982, ndani na kando yake zilikwisha kupatikana pinde 137 nzima na mishale zaidi ya 3,500, pamoja na mifupa ya watu wasiopungua 179. Kabla ya hapo wanazuoni walibishana iwapo pinde za kale za Kiingereza zilikuwa nzito kweli au ni majigambo ya wazee. Pinde za Mary Rose zilimaliza ubishi: makadirio yaliziweka nyingi kati ya ratili 100 na zaidi ya 150.

Mtaalamu wa mifupa, Ann Stirland, aliichunguza mifupa ya mabaharia na askari hao kwa miaka mingi. Katika ncha ya kombe la bega kuna kipande cha mfupa ambacho utotoni huwa hakijaungana na sehemu nyingine. Kwa watu walio wengi huungana kufikia mwanzo wa miaka ya 20. Katika wafu wa Mary Rose, mabega ambayo kipande hicho hakikuungana kabisa yalizidi moja katika kila kumi, kiasi kikubwa kuliko cha kawaida. Stirland alipendekeza kwamba sababu ilikuwa uta: mvuto mzito uliorudiwa tangu utotoni, siku baada ya siku, uliinyima mifupa hiyo nafasi ya kuungana. Hakuna fuvu lililokutwa na jina la mtu wala cheo chake, na ubaharia nao una kazi zake nzito, kwa hiyo hakimu mwangalifu hatatoa hukumu ya mwisho juu ya mtu mmojammoja. Hata hivyo picha ya jumla inaeleweka. Uta uliingia ndani ya mfupa kabla mfupa haujakomaa.

Hilo halikutokea kwa bahati. Lilikuwa matakwa ya sheria. Mwaka 1363 Mfalme Edward III aliamuru wanaume wafanye mazoezi ya mishale siku za sikukuu na waache michezo kama mpira. Sheria ya Henry VIII ya mwaka 1541 ilimtaka kila mzazi mwenye mtoto wa kiume kati ya miaka 7 na 17 amnunulie uta na mishale miwili. Na Hugh Latimer, akihubiri mbele ya mfalme kijana Edward VI mwaka 1549, alikumbuka jinsi baba yake alivyomfundisha kuulaza mwili wote katika uta badala ya kuvuta kwa nguvu za mikono, na jinsi alivyokuwa akinunuliwa mata mapya kadiri umri na nguvu zake zilivyoongezeka. Samaki mkunje angali mbichi, husema Waswahili. Wafalme wa Uingereza waliliandika wazo hilo katika vitabu vya sheria kwa sababu walijua kwamba mwanamume wa miaka 25 ambaye hakuanza akiwa na miaka 7 hawezi kununuliwa mabega.

Walijua pia upande wa pili. Kufikia mwisho wa karne ya 16 serikali iliacha kuuhesabu uta kuwa silaha ya jeshi, bunduki ikachukua nafasi yake, na ule mwili ukatoweka. Mata yalibaki katika michezo ya mabwana, yakawa mepesi. Karne nne baadaye Mary Rose ilipoinuliwa, iliwabidi mashabiki wachache wajifunze upya kwa miaka mingi, wakipanda uzito pole kwa pole, ili waweze kuzivuta nakala za pinde zilizokuwa silaha za kawaida za wakulima.

Mwili wa pili

Uta wa tembo wa Waata ulikuwa na siri ambayo pinde za Mary Rose hazikuwa nayo. Ulitumia sumu, na kwa hiyo uliunganisha miili miwili kwa namna ya pekee: mmoja uliotayarishwa kwa miaka, mwingine unaosimama kwa dakika.

Sumu hiyo hutoka katika msunguti. Vipande vya mti na mizizi huchemshwa kwa saa nyingi hadi yabaki masalia meusi mazito kama lami, yakapakwa nyuma ya chembe ya mshale, kisha yakafungwa kwa ngozi nyembamba ili yasikauke na yasimguse mwindaji. Katika nyika ya Malindi waliosifika kwa kuipika ni Wagiriama, na Waata waliinunua kwao. Mnunuzi hakuwa na maabara. Alikuwa na mwili wake. Katika Afrika Mashariki imeelezwa mara nyingi namna ya kuijaribu: mtu hujichanja kidogo, huacha uzi wa damu utiririke chini kwa urefu wa mkono au mguu, kisha huigusisha sumu mwisho wa uzi huo, mbali na jeraha. Sumu ikiwa kali, damu hubadilika na kuwa nyeusi, na badiliko hilo hupanda kuelekea kwenye jeraha. Mjaribuji huifuta kabla haijafika. Ni kipimo kinachotaka jicho lisilopepesa.

Mtu angeweza kuuliza: ikiwa sumu inaua, uta mzito ni wa nini? Jibu limo katika ngozi ya tembo. Sumu ya msunguti haidhuru kitu ikibaki juu ya ngozi, na hata tumboni hufyonzwa kwa shida, ndiyo maana nyama ya mnyama aliyeuawa kwayo iliweza kuliwa. Ilipaswa kufika ndani, penye damu nyingi. Ratili 100 za mvuto hazikuwa za kumuua tembo. Zilikuwa za kuupenyeza mshale. Mgongo wa mwindaji ulikuwa njia ya kuifikisha sumu kwenye moyo.

Kwamba ni moyo, sayansi ya Ulaya ilijifunza kwa wapiga mishale wa Afrika. John Kirk, tabibu wa msafara wa David Livingstone katika bonde la Zambezi kati ya 1858 na 1863, ambaye baadaye aliishi Zanzibar miaka mingi akiwa balozi wa Uingereza, alikutana huko na sumu ya mishale iitwayo kombe. Mswaki wake uligusana na sumu hiyo katika mizigo. Alipopiga meno alihisi uchungu mdomoni, kisha akagundua kwamba mapigo ya moyo wake yamepungua. Sampuli zilipelekwa Uingereza, na Thomas Fraser wa Edinburgh akatoa ndani yake dawa ya moyo iliyotumika kwa miongo mingi. Mwaka 1888 Mfaransa Arnaud alitenga kutoka katika jamii ya msunguti kemikali iliyopewa jina la ouabain, kutokana na neno la Kisomali la sumu hiyo, waabaayo. Jina la Kiafrika likaingia katika vitabu vya famasia. Watu walioijua sumu hiyo hawakuingia.

Tsavo, 1957

Hifadhi ya Taifa ya Tsavo iliundwa mwaka 1948. Sehemu yake ya mashariki iliingia moja kwa moja katika nchi ya uwindaji ya Waata. Sheria za wanyamapori zilikuwapo tangu mwishoni mwa karne ya 19, nazo zilimpa haki ya kuua tembo mtu aliyenunua leseni. Aliyeweza kuinunua alikuwa mgeni mwenye bunduki. Mwenye uta aliitwa jangili, na jina hilo likaifunika kazi ya mababu zake.

Kati ya 1956 na 1957 uongozi wa hifadhi, ambamo David Sheldrick na Bill Woodley walikuwa mstari wa mbele, uliendesha operesheni kubwa dhidi ya wawindaji hao. Haikuwa vita vya risasi. Ilitumia taarifa za watu wa ndani, upekuzi wa alfajiri, mahakama na kifungo. Wawindaji mashuhuri walikamatwa mmoja baada ya mwingine, mata yao yakachukuliwa kuwa vielelezo, wakapelekwa jela. Haki inataka isemwe kwamba mizoga iliyokutwa nyikani haikuwa michache, na kwamba kufikia wakati huo nguvu iliyowasukuma wawindaji ilikuwa ya wafanyabiashara wa pembe zaidi ya njaa ya nyama. Baadhi ya waliowakamata waliliona hilo wenyewe. Kutokana na dhamira yao ulianzishwa mwaka 1960 mradi wa Galana, uliokusudiwa kuwapa Waata nafasi ya kuvuna tembo kwa kibali nje ya mipaka ya hifadhi. Mradi haukumaliza muongo mmoja.

Mwaka huohuo wa 1957, katika chuo kikuu cha Aarhus nchini Denmark, Jens Skou alichapisha utafiti juu ya kimeng'enya alichokipata katika neva za kaa. Baadaye, ili kuthibitisha kwamba hicho ndicho pampu inayosukuma sodiamu na potasiamu kupitia utando wa seli, alitumia ouabain, kwa kuwa huisimamisha pampu hiyo na si nyingine. Ndivyo sumu ya msunguti inavyousimamisha moyo. Mwaka 1997 Skou alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia, na aliistahili. Lakini mtu akizisoma habari hizi mbili pamoja hawezi kukosa kuona mgawanyo wake: karibu wakati mmoja kitu kilekile kilikuwa ufunguo wa seli katika maabara ya Ulaya na kielelezo cha mashtaka katika mahakama ya Kenya.

Hasara iliyofuata haikuonekana upesi, kwa kuwa haikuacha mzoga. Mwanamume anaweza kutoka jela baada ya mwaka au miwili akiwa na mabega yake. Mtoto wake wa miaka 7, aliyepaswa kuanza na uta mdogo mwaka huo, hawezi kuirudisha miaka hiyo. Sheria ya Uingereza ya 1541 ilikuwa imefahamu hesabu hii na kuitumia kuumba wapiga mishale. Sheria ya ukoloni iliitumia hesabu ileile kinyumenyume, pengine bila kukusudia. Kizazi kimoja kikikosa mazoezi, nusu ya pili ya silaha imekwisha.

Na tembo? Mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980 majangili wapya waliingia Tsavo wakiwa na bunduki za rashasha. Hesabu ya mwaka 1988 ilipata katika eneo zima la Tsavo tembo wasiofika 6,000, ilhali miongo miwili nyuma walihesabiwa kwa makumi ya maelfu, ingawa ukame wa 1970 na 1971 nao uliua wengi. Haitoshi kusema kwamba Waata wangewalinda; hakuna ajuaye. Inatosha kusema kwamba bunduki ya rashasha haina haja ya mwili wowote maalumu. Kijana yeyote huweza kufundishwa kuitumia kwa siku chache, na kwa hiyo idadi ya wauaji haina kikomo. Uta wa ratili 100 ulikuwa na leseni yake ndani yake: uliruhusu wachache tu, na uliwachukua miaka 15 kuipata.

Kilichobaki

Sanaa haijafa kila mahali. Kandokando ya Ziwa Eyasi nchini Tanzania, Wahadzabe bado wanawinda kwa mata, na watoto wao wa kiume hupewa uta mdogo wangali wadogo sana, wakaanza na ndege na panya kabla ya kufika kwa swala. Anayetaka kuona sheria ya Henry VIII ikitekelezwa bila sheria anaweza kuiona huko, kwa muda ambao ardhi yao itawatosha.

Kwa Waata hesabu ni ngumu zaidi. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1957, kama yu hai, leo anakaribia miaka 90. Msomi wa Kiswahili aliyeko London au Muscat huweza kupanda treni hadi Portsmouth au kufungua tovuti ya jumba lolote la makumbusho na kuziona pinde zimelazwa chini ya taa, kila moja na urefu wake, mti wake na uzito wake unaokadiriwa. Waingereza walilazimika kuisubiri meli itoke topeni baada ya miaka 437 ili waulize mifupa jinsi babu zao walivyokuwa wakivuta uta. Nyuma ya Malindi swali hilo bado linaweza kuulizwa kwa mdomo: mzee alianza na umri gani, alifundishwa na nani, aliuweka wapi mguu wa nyuma, alihisi nini begani asubuhi ya pili. Majibu yake hayamo katika mafaili ya hifadhi wala ya mahakama, ambamo ameandikwa kama jangili, wala katika utendi, ambamo babu zake wamesimama chini ya mkoma wakimngoja Liongo apande.